Mtoto aliyezaliwa mkali hatibiwi kwa kiboko

Majuma machache yaliyopita nyanya mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu hapa Feri akiwa amemshika mjukuu wake mkono. Hakumshika jinsi mgonjwa anavyoshikwa. Alimshika jinsi askari anavyomshika mshukiwa. Mtoto mwenyewe, mvulana wa miaka tisa, alikuwa na jeraha juu ya nyusi, nami nikadhani hilo ndilo lililowaleta. La hasha.

"Daktari, hicho kidonda utakifunga baadaye," akaniambia. "Ninalotaka ni umpime damu, uniambie kama amerithi ya babake. Kama amerithi nijue mapema, nisijisumbue."

Baba anayezungumziwa anatumikia kifungo cha wizi wa mabavu. Mama alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani mtoto akiwa na miaka mitatu. Makosa ya mvulana yalitajwa mbele yake moja baada ya jingine: amemuuma mwenzake madrasa mpaka akatoka damu, ameiba pesa za mama muuza mahamri, amerusha jiwe likavunja kioo cha matatu iliyokuwa kwenye foleni ya feri, amemfunga paka kamba na kumburuta mtaa mzima. Na majirani, nyanya akaongeza, wote wana neno moja tu: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nilimweleza kwamba hakuna maabara, iwe ya Mombasa, ya Nairobi au ya London, inayoweza kupima damu ya mtoto na kusema huyu atakuwa mwizi na yule hatakuwa. Aliniangalia kwa jicho la mtu anayefichwa siri. Hapo nikatambua kwamba jambo hili halielezeki kwa dakika kumi huku foleni ya wagonjwa ikingoja nje, na ndiyo sababu nimeamua kuliandika.

Lugha yetu ina methali mbili zinazovutana. Moja ndiyo hiyo ya nyoka. Nyingine yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aghalabu sisi huzitumia kwa hila: mtoto wa jirani akiharibika tunataja nyoka, na wa kwetu akifaulu tunataja malezi. Hapa kisiwani, hususan Mji wa Kale ambako kila mtu anajua nasaba ya kila mtu hadi babu wa tatu, methali ya nyoka ina nguvu za ajabu. Mtoto hajajua kuandika jina lake na tayari mtaa umeshaliandika.

Kabla sijaendelea, sharti nitenge mambo mawili. Utundu wa kawaida sio ugonjwa. Mvulana wa miaka 15 anayetoroka madrasa kwenda kuogelea, anayejibu watu wazima vibaya na kuvuta sigara kichochoroni anawatia wazazi wake uchungu, lakini wengi wa aina hiyo hutulia wakifika miaka ya 20. Mwaka wa 1993 mtaalamu wa saikolojia Terrie Moffitt alitofautisha kundi hilo kubwa na kundi jingine dogo: watoto wanaoanza ukorofi mapema sana, kabla ya kubaleghe, wanaopiga, kuiba, kusema uongo na kutesa wanyama, na ambao mambo hayo huwafuata hadi utu uzima. Hao wa pili ndio ninaowaandikia leo, na mjukuu wa yule nyanya alikuwa na dalili za kundi hilo.

Je, urithi upo? Upo. Nalisema hili waziwazi kwa sababu baadhi ya wenzangu wanaoandika kurasa kama hizi huogopa kulisema, wakadai kwamba kila kitu ni malezi. Mama yeyote aliyezaa watoto watatu atakucheka ukimwambia hivyo. Anajua kwamba huyu alitoka tumboni mpole na yule alitoka akipiga mateke, na wote walinyonya ziwa moja. Wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa kulinganisha mapacha wa kufanana kabisa na mapacha wa kawaida, na kwa kuwafuatilia watoto waliolelewa na watu wasiokuwa wazazi wao wa damu. Mwaka wa 2002 matokeo ya tafiti 51 za namna hiyo yalijumlishwa pamoja. Ilionekana kwamba, katika tabia za ukorofi na uvunjaji wa sheria, takriban sehemu mbili kwa tano za tofauti kati ya mtu na mtu zinahusiana na urithi. Sehemu tatu zilizobaki zinatokana na mazingira: nyumba, chakula, maradhi, marafiki, mtaa.

Lakini tahadhari na hesabu hiyo, msomaji. Haina maana kwamba sehemu mbili za mtoto wako zimeharibika tangu kuumbwa na tatu ndizo unazoweza kuzirekebisha. Ukila pilau nzuri huwezi kuniambia utamu wake ni asilimia ngapi mchele na asilimia ngapi moto. Mchele mzuri huharibiwa na moto mkali, na mchele wenye kasoro mpishi hodari huuokoa. Takwimu za urithi zinaeleza tofauti katika umati wa watu. Hazimweleze mtoto mmoja aliyekaa mbele yangu.

Fauka ya hayo, hakuna jeni ya wizi. Jeni ni maagizo madogo yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, yanayoiambia itengeneze nini na kwa kiasi gani. Yale yanayohusika na tabia ni mengi mno, na kila moja lina athari ndogo. Yanachangia mtoto awe mwepesi wa hasira, au asiyeogopa haraka, au asiyeweza kungoja. Sifa hizo zenyewe si dhambi. Nahodha wa jahazi asiyeogopa haraka ni mtu wa maana.

Jeni moja limepata sifa kuliko mengine, nami nitalieleza kwa sababu linatoa somo kubwa. Linaitwa MAOA. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachosafisha kemikali fulani za ubongo baada ya kutumika. Mwaka wa 1993 madaktari wa Uholanzi walieleza ukoo mmoja ambamo wanaume kadhaa walikuwa na hasira za kupindukia na akili iliyodumaa kidogo. Jeni hilo kwao lilikuwa limekufa kabisa. Hali hiyo ni nadra sana duniani. Lakini kuna hali nyingine, ya jeni linalofanya kazi kwa unyonge, na hiyo si nadra hata kidogo.

Mwaka wa 2002 watafiti walichapisha habari za watoto wa mji wa Dunedin, New Zealand, waliozaliwa mwaka wa 1972 na 1973 na kufuatiliwa tangu utotoni. Zaidi ya thuluthi moja ya wavulana waliopimwa walikuwa na jeni nyonge. Je, wote walikuwa majambazi? Hasha. Wale wenye jeni nyonge waliolelewa vizuri hawakuwa wabaya kuliko wenzao. Ila wale wenye jeni nyonge ambao pia waliteswa utotoni, waliopigwa vibaya, kukataliwa au kudhulumiwa kimwili, walikuwa asilimia 12 tu ya kundi hilo, nao walibeba asilimia 44 ya hukumu zote za makosa ya ghasia. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Baadhi ziliona vivyo hivyo, nyingine hazikuona kitu, na hakuna daktari mwenye busara anayepima jeni hilo kliniki ili kutabiri tabia. Lakini mwelekeo wake, kwamba urithi peke yake haukutosha na mateso ndiyo yaliyouwasha, umebaki kuwa jambo la kuzingatia.

Na hapa kuna jambo ambalo lingewanyamazisha majirani wa yule nyanya. Jeni hilo la MAOA limo katika kromosomu iitwayo X. Mvulana hupata X moja tu, na huipata kwa mamake. Babake humpa Y. Kwa hivyo wanaotaja "damu ya babake" huku wakidhani wanazungumza sayansi, kwa jeni hili mashuhuri kuliko yote wamemkosa mtu kabisa: baba hawezi kumpa mwanawe wa kiume. Ni kweli kwamba jeni nyingine nyingi hutoka kwa wazazi wote wawili. Lakini nilipomweleza nyanya jambo hili alikaa kimya kwa muda, kwa sababu mama wa mtoto ni binti yake mwenyewe, na X yenyewe huenda ilitoka kwake.

Sasa nifike kwenye kiini cha makala haya. Ikiwa kuna watoto wanaozaliwa na ngozi nyembamba ya hasira, wafanyiwe nini? Jibu la mtaa ni kiboko zaidi. Mtoto mpole anapigwa kofi moja, mkorofi anapigwa kumi. Nami nasema, kwa miaka yote niliyokaa katika kazi hii na kwa ushahidi ninaousoma, kwamba hiyo ni dawa kinyume. Mtoto aliyezaliwa mkali ndiye anayehitaji nyumba tulivu kuliko ndugu zake wote.

Zingatia utafiti huu wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2016. Familia 561 zilikuwa zimeasili watoto wachanga waliozaliwa na wanawake wengine. Watafiti walichunguza tabia za wale mama wa damu, ambao hawakuwalea watoto hao. Watoto waliotoka kwa mama wenye historia ya ukorofi walielekea zaidi kuwa wakavu wa moyo, wasiojali mtu akilia, hata walipokuwa na miaka miwili na ushei. Hiyo ndiyo nyoka ya methali. Lakini pale ambapo mama mlezi alikuwa na mazoea ya kumsifu mtoto anapofanya vizuri, kumtabasamia na kumtia moyo, athari hiyo ya urithi ilififia. Walizaliwa na mama yule yule wa hatari, wakapata mlezi mwenye maneno mazuri, na meno ya nyoka yakawa butu.

Tatizo ni kwamba mtoto wa namna hii havuti maneno mazuri. Anavuta kofi. Hili nalo limechunguzwa: katika mapacha wa Uingereza na Wales, jozi 1,116, ilionekana kwamba kiasi fulani cha kuchapwa kwa kawaida kinatokana na tabia aliyozaliwa nayo mtoto mwenyewe, mkorofi hujichokozea fimbo. Lakini kupigwa kupita kiasi, kule kwa kuumiza mwili, karibu hakukuhusiana kabisa na urithi wa mtoto. Kule kunatoka kwa mtu mzima. Basi mzazi anayeniletea mtoto mwenye alama za waya mgongoni na kuniambia "yeye ndiye aliyenifanya" hana msaada wowote kutoka kwangu wala kutoka kwa sayansi.

Najua mtasema: sisi tulipigwa, na mbona tuko sawa? Mimi pia nilipigwa, na mwalimu wangu wa madrasa alikuwa na mkono mzito kama nanga. Labda wewe na mimi tulizaliwa na mchele mzuri. Mwaka huo huo wa 2016 zilijumlishwa tafiti zilizohusu watoto zaidi ya 160,000 waliochapwa makofi na wazazi wao, bila kuhesabu wale walioteswa. Kadiri mtoto alivyochapwa ndivyo alivyoonekana mkorofi zaidi. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 imempa kila mtu, mtoto akiwemo, haki ya kutopewa adhabu ya viboko. Wazazi wengi huiona sheria hiyo kama kitu cha wazungu. Mimi naiona kama maagizo ya daktari.

Nisidhaniwe kwamba mazingira ni kiboko tu. Neno "mazingira" ni pana, na baadhi ya mambo yaliyomo hayafanani kabisa na malezi. Chukua chakula. Katika kisiwa cha Mauritius, jirani yetu katika Bahari hii ya Hindi, watafiti walianza mwaka wa 1972 kuwafuatilia watoto 1,795 wakiwa na miaka mitatu. Wale waliokuwa na dalili za utapiamlo katika umri huo, nywele zilizopauka, midomo iliyopasuka pembeni, upungufu wa damu, walikuwa wakorofi kuliko wenzao walipopimwa tena wakiwa na miaka 8, 11 na 17. Halafu kikundi kidogo cha watoto kilipelekwa kwa miaka miwili katika shule za chekechea zilizowapa lishe bora, mazoezi ya mwili na walimu wenye subira. Walipofika miaka 23, makosa ya jinai waliyoyakiri wenyewe yalikuwa pungufu ya wenzao kwa takriban thuluthi moja, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na utapiamlo. Hakuna jeni hata moja lililobadilishwa. Yalikuwa maziwa, samaki, mchezo na mwalimu asiyepiga.

Chukua jambo la pili, madini ya risasi. Hapa sizungumzii ya bunduki, bali ile metali laini iliyomo ndani ya betri za magari. Risasi ikiingia katika damu ya mtoto huathiri ile sehemu ya mbele ya ubongo inayomwambia ngoja, fikiri kwanza. Katika mji wa Cincinnati, Marekani, watoto waliozaliwa kati ya 1979 na 1984 walipimwa damu tangu tumboni. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba kadiri risasi ilivyokuwa nyingi utotoni ndivyo walivyokamatwa mara nyingi zaidi kwa makosa ya ghasia walipokuwa watu wazima. Sasa rudi Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, huko Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendesha kazi kati ya watu kuanzia mwaka wa 2007 hadi 2014. Mama Phyllis Omido alipigana vita hivyo hadi akatunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na mnamo Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Watoto wa kijiji kile sasa ni vijana. Iwapo mmoja wao atashindwa kujizuia barabarani, naomba asitokee mtu wa kumtaja babu yake.

Hata hapa Feri hatukuwa salama. Hadi mwaka wa 2006 petroli iliyouzwa Kenya ilikuwa na risasi, na hakuna mahali katika mji huu ambapo magari yalisimama yakinguruma kwa muda mrefu kama kwenye foleni hii ya kuvukia Likoni, huku watoto wakipita katikati yake na vikapu vya njugu na mihogo, pua zao zikiwa kimo cha ekzosi.

Na kuna mambo madogo yasiyoandikwa magazetini. Malaria iliyopanda kichwani, ambayo wenzetu wa Kilifi wameichunguza kwa miaka mingi, huwaachia baadhi ya watoto waliopona kifafa au tabia iliyobadilika. Kifafa cha kuduwaa, mtoto anakodoa macho kwa sekunde chache, mwalimu anadhani ni kiburi. Minyoo na upungufu wa damu. Usingizi wa saa tano katika chumba cha watu saba. Na masikio.

Nimefika kwenye masikio makusudi. Nilipomaliza kumshona yule mvulana nyusi, nilimchungulia masikio kama ninavyomchungulia kila mtoto anayeitwa mtukutu. La kushoto lilikuwa limejaa usaha, ngoma yake imetoboka, na kwa harufu yake halikuwa la jana. Nilisimama nyuma yake nikamwita kwa sauti ya kawaida upande wa kushoto. Hakugeuka. Nikahamia kulia, akageuka. Basi huyu ndiye mtoto ambaye madrasa na shuleni huketishwa nyuma kwa sababu ni mkorofi, anaagizwa asisikie, anaulizwa asijibu, kisha anapigwa kwa ujeuri. Nyanya alisema, "Mimi nilidhani anajifanya."

Usinielewe vibaya. Sikio halikumfunga paka kamba. Mtoto huyu kweli ana moto ndani yake, na huenda alizaliwa nao. Lakini juu ya moto huo tumemwagia mafuta ya taa: mama hayupo, sikio bovu, kofi kila siku, na mtaa unaomwita nyoka. Kumwita vile nako ni mazingira. Mtoto wa miaka tisa akisikia kila siku kwamba yeye ni mwizi, hata kwa sikio moja, anaishia kuwatafuta watu watakaompokea kwa jina hilo.

Na watu hao wapo. Katika miaka iliyopita Mombasa imejua makundi ya vijana wenye mapanga, baadhi yao hawajafika umri wa kupewa kitambulisho. Moja lilijiita Wakali Kwanza. Jingine, na jina hili halijanitoka kichwani, lilijiita Wajukuu wa Bibi. Sijui ni utani au ni nini, lakini kila ninapolitaja huona jinsi vijana hao walivyokuwa bado wakitafuta ukoo wa kuwamo. Kila tunapomzika mmoja wao, ama kwa panga ama kwa risasi ile nyingine, hatukosi mtu wa kunong'ona makaburini kwamba hata babake alikuwa hivyo hivyo.

Nyanya aliniuliza pia kama ampeleke shule ya kurekebisha tabia iliyoko Likoni, ng'ambo tu ya feri. Nilimkumbusha kwamba mtoto hapelekwi huko kama mzigo. Lazima ipite kwa afisa wa watoto na mahakama. Tena Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 imepandisha umri wa mtoto kuweza kushtakiwa kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Sisemi shule hizo hazina kazi. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka wa 1999 ulitufundisha jambo la kutisha: vijana wakorofi wakikusanywa pamoja ili warekebishwe, wengine hutoka wabaya zaidi, kwa sababu wanapongezana kwa mabaya. Mtoto wa miaka tisa hafai kuwa mwanafunzi wa wavulana wa miaka 16. Wala dawa si kumsafirisha kwa mjomba Tanga, ambako atakuwa mkorofi vile vile, ila mbali na macho yenu.

Nilimpa nyanya maagizo, nami nawapa nyinyi mlio na mtoto wa aina hiyo. Kwanza mpelekeni akaguliwe mwili: masikio, macho, damu, kifafa. Pili, nyumba iwe na sheria moja. Katika nyumba zetu za Mombasa mtoto mmoja ana mahakimu watano. Mjomba anapiga, shangazi anaficha, nyanya anasamehe, na mtoto anajifunza kuchagua mahakama. Chagueni makosa matatu tu ya kushughulikia, kila kosa liwe na adhabu ndogo inayojulikana mapema, isiyo ya kupiga, kama kunyimwa mpira jioni hiyo, na adhabu iishe siku hiyo hiyo. Tatu, na hili ndilo gumu, mkamateni akifanya vizuri. Mtoto mkorofi hufanya mema mengi kwa siku ambayo hakuna anayeyaona, kwa sababu akinyamaza watu wazima hushukuru Mungu na kuangalia pembeni. Mwambieni kwa jina la kitendo chenyewe: umebeba maji bila kuambiwa, ahsante. Msimwambie "wewe mtoto mzuri," hataamini. Tena msitaje babake kwa ubaya mbele yake.

Kwa serikali yetu ya kaunti nina ombi moja. Tunatumia pesa kuwasaka vijana wa miaka 17. Nusu ya juhudi hizo ielekezwe kwa watoto wa miaka mitatu: chekechea zenye chakula na walimu waliofundishwa, na muuguzi anayepita mara moja kwa muhula kuchungulia masikio. Mauritius walianza zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Nilimwagiza nyanya anunue daftari na kuandika kila jioni jambo moja zuri alilolitenda mjukuu wake. Wiki jana walirudi. Sikio limeanza kukauka, na mwalimu amekubali kumketisha mbele, upande ambao sikio zima linamwelekea yeye. Amepigana mara mbili tangu tuonane, na mara moja alirushia ukutani sahani ya wali. Nyanya alinionyesha daftari. Mwandiko haukuwa wake. Macho yake hayaoni vizuri usiku, kwa hivyo yeye husema na mtoto ndiye huandika. Kurasa za mwanzo zilikuwa na mstari mmoja mmoja: nimefagia uwanja, nimemngoja nyanya kwenye feri. Katika ukurasa wa Jumamosi kulikuwa na mistari mitatu, na nyanya aliniapia kwamba yeye alitaja mmoja tu.

Jumatatu wana miadi ya kupimwa usikivu katika hospitali kuu ya Makadara.